Lagrange, Mwanachuoni wa Elimu ya Mwendo

Vijana wetu wengi wanaokwenda katika vyuo vikuu kusomea hisabati au uhandisi hurudi likizoni wakililalamikia somo moja kuliko masomo mengine yote. Somo hilo ni elimu ya mwendo na nguvu, ambayo vyuoni huitwa mekanika. Mwaka wa kwanza huenda nalo vizuri, kwani husomeshwa kanuni za Newton, na kanuni hizo mtu aweza kuzionja kwa mkono wake: kitu kikisukumwa huenda, na kikisukumwa zaidi huenda mbio zaidi. Kisha hufunguliwa mlango wa pili wa somo lilo hilo, na ndani ya mlango huo hakuna kusukuma wala kuvuta. Kuna alama na milinganyo tu. Hapo ndipo wanapokutana na jina la Lagrange. Wengi hulihifadhi jina hilo pamoja na fomula zake mpaka siku ya mtihani, wasijue mwenye jina alikuwa nani wala alikuwa akitafuta nini. Na wako wanaokata tamaa wakaliacha somo kabisa.

Basi tumeona inafaa tueleze katika kurasa hizi maisha ya mtu huyu, na tueleze kwa kadiri iwezekanavyo ile kazi aliyoifanya. Aghalabu elimu huwa nzito kwa mtu kwa sababu imemjia kama amri isiyokuwa na mwenyewe. Akishajua kuwa ilitokana na binadamu aliyehangaika, akakosea, akasahihisha na akahuzunika, huiona karibu.

KUZALIWA KWAKE

Joseph-Louis Lagrange alizaliwa tarehe 25 Januari 1736 katika mji wa Turin, ulioko kaskazini ya Italia, na ambao zama zile ulikuwa makao ya mfalme wa Sardinia. Jina alilopewa alipozaliwa ni la Kitaliana, Giuseppe Lodovico Lagrangia. Lakini upande wa babake walikuwa na asili ya Kifaransa, na yeye mwenyewe alipendelea tangu ujana wake kuliandika jina lake kwa namna ya Wafaransa. Kwa hivyo mpaka leo mataifa mawili yanamgombania, kila moja likisema ni wake.

Babake alikuwa mweka hazina katika idara ya majengo ya serikali na ngome za Turin, na alikuwa mtu wa mali. Lakini aliitia mali yake katika biashara za kubahatisha, ikapotea. Watoto waliozaliwa nyumbani mwao walikuwa 11, na Lagrange ndiye wa kwanza. Wengi katika hao walikufa wangali wadogo. Hivyo kijana huyu alikulia katika nyumba iliyokuwa na heshima ya utajiri bila ya utajiri wenyewe. Baadaye, alipokuwa mtu mzima mwenye sifa, hakuwa akimlaumu babake kwa hasara ile. Alikuwa akiona kwamba lau angalirithi mali, pengine asingeshughulika na hisabati hata kidogo. Na hili ni jambo la kuzingatiwa na kila mzee anayedhani kuwa kitu kikubwa cha kumwachia mwanawe ni nyumba na duka.

KUSOMA KWAKE

Babake alitaka awe mwanasheria, naye alikubali. Katika chuo cha Turin alipenda sana lugha ya Kilatini, na jometri ya Wayunani wa kale haikumvutia. Kilichomgeuza ni karatasi chache tu. Siku moja aliangukia risala ya mtaalamu wa nyota wa Kiingereza, Edmond Halley, iliyotolewa mwaka wa 1693, inayoeleza namna ya kutumia aljebra katika elimu ya miwani na nuru. Ndani yake aliona namna njia moja ya hesabu inavyoweza kutatua kwa mara moja mambo ambayo wengine waliyatatua moja moja kwa michoro mirefu. Jambo hilo likamwingia moyoni, akaanza kujisomea mwenyewe, karibu bila ya mwalimu, usiku na mchana.

Na hapa tukumbushe kwamba neno aljebra limetokana na neno la Kiarabu, al-jabr, nalo limo katika jina la kitabu cha al-Khwarizmi aliyekuwa Baghdad katika karne ya 9. Elimu haina uraia. Ilitoka Baghdad ikafika Ulaya, na kule ikaongezwa juu yake ghorofa baada ya ghorofa. Mtu wa pwani anayeisoma leo asidhani kwamba anaingia katika nyumba ya watu asiokuwa na fungu lake ndani.

Mwaka wa 1754, akiwa na miaka 18, alitoa maandishi yake ya kwanza, akidhani kuwa amevumbua jambo jipya. Muda si muda akagundua kwamba jambo lile lilikwisha kuandikwa zamani na Leibniz na Bernoulli. Aliona haya kubwa, akachelea watu wasije wakasema ameiba kazi ya wengine. Kijana mwingine angaliitupa kalamu. Yeye alifanya kinyume chake: alizidisha kusoma, na chini ya mwaka mmoja alikuwa na jambo ambalo kweli hakuna aliyemtangulia.

BARUA YAKE KWA EULER

Mwanahisabati mkubwa wa zama zile alikuwa Leonhard Euler, Mswisi aliyekuwa katika Akademia ya Berlin. Mwaka wa 1744 Euler alikuwa ametoa kitabu juu ya maswali ya namna hii: katika njia zote zinazowezekana, ni ipi iliyo fupi kuliko zote, au ya haraka kuliko zote, au yenye kuzunguka eneo kubwa kuliko zote? Mathalan, mtu mwenye kamba ya urefu maalumu akitaka kuzungushia uwanja, aizungushe kwa umbo gani apate nafasi kubwa kabisa? Jawabu ni duara. Hilo ni jepesi kulisema, lakini kulithibitisha ni kazi, na yako mengine magumu zaidi kuliko hilo. Euler aliyatatua kwa msaada wa michoro, na yeye mwenyewe alitamani ipatikane njia ya hesabu tupu isiyohitaji mchoro.

Tarehe 12 Agosti 1755 Lagrange, kijana wa miaka 19 asiyejulikana na mtu, alimwandikia Euler barua kutoka Turin akamweleza njia hiyo. Mzee yule aliijibu mwezi uliofuata kwa furaha na heshima. Tena alifanya jambo lililo adimu miongoni mwa wanavyuoni: aliyazuia maandishi yake mwenyewe juu ya suala lile yasitoke, ili kijana apate kutoa yake kwanza na sifa iwe yake. Lagrange aliitoa kazi hiyo kwa ukamilifu mwaka wa 1762, na Euler ndiye aliyeipa elimu hii jina linalotumika hata leo, yaani hesabu ya mageuzi.

Tuzingatie khabari hii kwa makini. Lau Euler angaliuficha ujumbe ule, au angaliutia ndani ya kitabu chake bila ya kumtaja mwenyewe, nani angalijua? Elimu hufa mikononi mwa wanavyuoni wenye husuda kabla ya kufa kwa ujinga wa watu wa kawaida. Mwalimu anayeogopa kupitwa na mwanafunzi wake ameshapitwa.

Mwezi wa Septemba wa mwaka ule ule wa 1755 Lagrange aliwekwa kuwa mwalimu wa hisabati katika chuo cha mizinga cha mfalme huko Turin, naye hajatimiza miaka 20. Mwaka wa 1757 yeye na wenzake wachache walianzisha halaka ya kusoma na kujadiliana elimu. Halaka hiyo ilikua ikawa Akademia ya Sayansi ya Turin, na jarida lake la kwanza, lililotoka mwaka wa 1759, lilijaa maandishi yake. Kikundi kidogo cha vijana wenye nia kilitosha kuufanya mji usiokuwa na sifa ya elimu ujulikane Ulaya nzima.

MIAKA YAKE BERLIN

Akademia ya Paris ilikuwa ikitoa zawadi kwa atakayelijibu vyema suala inalolitangaza. Mwaka wa 1764 Lagrange alishinda kwa kueleza kwa nini Mwezi hutuonyesha uso mmoja tu daima, na kwa nini uso huo hutikisika kidogo. Mwaka wa 1766 alishinda tena, safari hii juu ya miezi ya sayari ya Jupiter. Baadaye alizipata zawadi hizo mara nyingine tatu.

Mwaka huo wa 1766 Euler alihama Berlin kwenda St Petersburg. Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia akamwita Lagrange ashike mahali pake, na d'Alembert, mwanachuoni mkubwa wa Paris, ndiye aliyempendekeza. Lagrange alikwishaitwa Berlin zamani akakataa, kwa kuona si adabu kukaa huko maadamu Euler yupo. Sasa alikubali. Alikaa Berlin miaka 20, na ndiyo miaka aliyofanya kazi nyingi kuliko wakati wowote. Imesimuliwa kwamba kila jioni alijipangia kazi ya kesho yake, na hakupenda kujichosha kupita kiasi. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya na asiyependa mabishano. Mwaka wa 1767 alimwoa binamu yake Vittoria Conti, aliyetoka Turin. Bibi huyo aliugua maradhi marefu, na Lagrange mwenyewe alimuuguza mpaka alipokufa mwaka wa 1783. Msiba huo ulimvunja moyo, na nguvu zake za kazi zikapungua.

Katika miaka hiyo ya Berlin, mwaka wa 1772, alitoa risala juu ya vitu vitatu vinavyovutana angani, kama Jua, Dunia na kitu kidogo cha tatu. Suala hili kwa ujumla wake ni gumu mno. Lakini Euler alikwishaonyesha kuwa kuna mahali patatu, katika mstari mmoja na vile vikubwa viwili, ambapo kitu kidogo chaweza kukaa kikazunguka pamoja navyo bila ya kuachana. Lagrange aliongeza mahali pawili pengine, ambapo vitu vyote vitatu hufanya umbo la pembetatu yenye pande sawa. Wakati ule hakuna aliyewahi kuona kitu kama hicho mbinguni. Ilikuwa ni hesabu ya karatasini. Miaka 134 ikapita. Mwaka wa 1906 Max Wolf wa Ujerumani aliona kisayari kikizunguka Jua pamoja na Jupiter, mahali pale pale ilipotaja hesabu. Leo vinajulikana maelfu ya visayari vya namna hiyo. Na ile darubini kubwa ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Disemba 2021, inazunguka kandokando ya moja katika yale mahali patatu pa Euler, kiasi cha kilomita milioni moja na nusu kutoka hapa duniani. Mahali pote patano sasa huitwa kwa jina la Lagrange.

KITABU CHAKE KIKUBWA

Sasa tufikie ile kazi inayowatoa jasho vijana wetu. Mwaka wa 1788 kilipigwa chapa huko Paris kitabu chake kiitwacho Mécanique analytique, yaani mekanika kwa njia ya uchambuzi wa hesabu. Kina kurasa zaidi ya 500, na ndani yake hamna mchoro hata mmoja. Yeye mwenyewe alilitaja jambo hilo katika dibaji yake kwa fakhari. Newton alikuwa ametoa kitabu chake mwaka wa 1687, na kilijaa michoro ya jometri. Kwa hiyo katika muda wa miaka 101 elimu ya mwendo iligeuzwa kutoka katika elimu ya kuchora ikawa tawi la aljebra na hesabu zilizojengwa juu yake.

Msingi mmoja wa kitabu hicho mabaharia wetu waujua kwa mikono, ijapokuwa hawakuusoma. Mzigo ukining'inizwa kwa roda inayotembea, ukashikwa na kamba pande mbili, mtu huuinua kwa nusu ya nguvu. Lakini ili mzigo upande pima moja ni lazima avute kamba pima mbili. Anachopunguziwa katika nguvu hukilipa katika mwendo. Kanuni hii ilikuwa ikijulikana tangu zamani katika wenzo na mizani. Lagrange aliishika akaonyesha kwamba kila kitu kilichotulia, kiwe na sehemu nyingi namna gani, kimetulia kwa sababu hiyo hiyo: ukikiwazia kitikisike kidogo tu, faida na hasara ya nguvu zote hulingana. Na alipotaka kuithibitisha kanuni hiyo, aliwazia kamba moja ipitayo katika roda nyingi. Kisha akaichukua kanuni ya d'Alembert ya mwaka wa 1743, inayowezesha suala la kitu kinachokwenda kutazamwa kana kwamba ni suala la kitu kilichotulia, akaziunganisha mbili hizo. Kutokana na muungano huo akatoa milinganyo ya mwendo wa kila kitu.

Tutoe mfano mmoja. Fundi mwashi hutundika timazi ili ajue ukuta umesimama wima. Timazi hiyo ikisukumwa kidogo hupiga huku na huku. Kwa njia ya Newton tunatazama nguvu mbili: uzito unaovuta risasi chini, na mvuto wa uzi unaoizuia isianguke. Mvuto wa uzi hatuujui, na hubadilika kila wakati. Yatubidi tuutafute, au tuuondoe kwa werevu. Kwa njia ya Lagrange tunauliza kwanza: ni kitu gani kimoja ambacho kikijulikana, mahali pa timazi pamejulikana? Jawabu ni pembe iliyopo baina ya uzi na wima. Hatuhitaji kitu kingine. Kisha tunahesabu mambo mawili: nishati ya timazi itokanayo na mwendo wake, na nishati itokanayo na kuinuka kwake. Tunaitoa ya pili katika ya kwanza. Tofauti hiyo tunaitia katika kanuni moja, nayo ni ile ile kwa timazi, kwa gurudumu na kwa sayari, na mwendo wote unatoka humo. Mvuto wa uzi haukutajwa hata mara moja. Na jawabu ni kwamba timazi yenye uzi wa mita moja, ikipiga mapigo madogo, huchukua kama sekunde mbili kwenda na kurudi, iwe risasi ni nzito au nyepesi.

Mtu aweza kusema kuwa kwa timazi moja njia zote mbili ni nyepesi, basi ya nini taabu hii? Ni kweli. Lakini tundika timazi ya pili chini ya ya kwanza, na utaona. Kwa njia ya zamani hesabu huanza kutatanika mara moja, na nguvu za nyuzi huingiliana. Kwa njia ya Lagrange unahitaji pembe mbili badala ya moja, na kanuni haikubadilika. Hii ndiyo siri ambayo mwanafunzi anayehifadhi fomula bila ya kufahamu haioni. Yeye hudhani Lagrange aliongeza uzito juu ya uzito, ilhali mzee huyu alikuwa akiutua. Ugumu ulioko ni wa mlangoni tu. Mtu akishaingia, hukuta ndani mna nafasi kuliko nje. Mwaka wa 1834 na 1835 William Rowan Hamilton wa Ireland aliijenga njia hii upya kwa sura nyingine, na juu ya misingi hiyo ndiyo iliyosimamishwa baadaye elimu ya chembe ndogo zisizoonekana kwa macho.

MTIHANI WA PARIS

Mfalme Frederick alikufa mwaka wa 1786, na mwaka uliofuata Lagrange akahamia Paris. Alipokewa kwa heshima kubwa, lakini moyo wake ulikuwa umechoka. Imesimuliwa kwamba kitabu chake kilipotoka matbaani kilikaa juu ya meza yake kiasi cha miaka miwili bila ya kukifungua. Aliona kama hisabati imekwisha, kama mgodi uliochimbwa mpaka chini. Tunalitaja hili kwa sababu wako wanaodhani kuwa huzuni na uchovu wa moyo huwapata wavivu tu. Humpata hata mtu ambaye karne nzima inamtazama.

Mwaka wa 1789 yakazuka mapinduzi ya Wafaransa. Rafiki zake walimshauri aondoke, naye akakaa. Mwaka wa 1790 alitiwa katika tume ya kutengeneza vipimo vipya, kwani kila mji ulikuwa na pishi yake na dhiraa yake, na mnyonge ndiye aliyedhulumiwa sokoni. Wako waliotaka vipimo vigawanywe kwa 12. Lagrange alisimama imara juu ya 10. Mita na kilo zinazopimiwa nguo na mchele katika maduka yetu leo zimetokana na kazi ya tume hiyo.

Mwaka wa 1792 alimwoa Renée-Françoise-Adélaïde Le Monnier, binti wa mtaalamu wa nyota, naye alikuwa mdogo sana kwake kwa umri. Watu walistaajabu, lakini binti huyo ndiye aliyemrejeshea hamu ya kuishi na ya kufanya kazi. Mwezi wa Septemba 1793 ikatoka sheria ya kuwakamata wageni wote waliozaliwa katika nchi za maadui na kunyang'anywa mali zao. Lagrange alikuwa mmoja wao. Aliyesimama kumtetea ni Antoine Lavoisier, mwanakemia mkubwa, na kwa utetezi huo Lagrange akasalimika. Lakini tarehe 8 Mei 1794 Lavoisier mwenyewe alikatwa kichwa. Lagrange alihuzunika sana, kwa kuona namna kichwa kinavyokatwa kwa dakika moja, na karne nzima isitoshe kumleta mwingine mfano wake.

KUSOMESHA KWAKE

Baada ya vitisho hivyo kupungua, Wafaransa walifungua vyuo vipya. Mwaka wa 1794 iliundwa École Polytechnique, chuo cha wahandisi, na Lagrange akawa mwalimu wake wa kwanza wa hesabu za uchambuzi. Mwaka wa 1795 alisomesha pia katika École Normale, chuo cha kuwatayarisha walimu, na huko hakuona aibu, kwa ukubwa wake wote, kufundisha hesabu za mwanzo kabisa. Sauti yake ilikuwa ndogo, na matamshi yake ya Kifaransa yalikuwa na lafudhi ya Kitaliana. Wanafunzi wengine wakichekea lafudhi, na wenye akili wakisikiliza maneno. Kutokana na darsa zake vilitoka vitabu viwili, cha kwanza mwaka wa 1797.

Chuo hicho kilikuwa hakipokei wanawake. Msichana mmoja wa Paris, Sophie Germain, alizipata darsa za Lagrange kwa maandishi, akazisoma nyumbani, kisha akampelekea mwalimu kazi yake kwa jina la uwongo la mwanamume, Le Blanc. Lagrange aliiona kazi ile ni ya akili kubwa, akamtafuta mwenyewe. Alipojua kuwa ni msichana hakumdharau wala hakumficha. Alimwendea, akamsifu na akamtia nguvu. Mwaka wa 1816 Sophie Germain alipata zawadi ya Akademia ya Paris kwa kazi yake juu ya mtetemo wa mabamba. Lau mlango wa mwalimu ungalifungwa kama ulivyofungwa wa chuo, kazi hiyo isingekuwapo.

Na imesimuliwa kwamba katika uzee wake alisimama mbele ya wanavyuoni wenzake kusoma risala juu ya mistari isiyokutana, suala lililowashinda watu tangu zama za Euclid. Alipokuwa akisoma, aliona kuna kasoro katika hoja yake. Akanyamaza, akasema kuwa yampasa alifikiri zaidi, akaitia karatasi mfukoni na akaketi. Mtu aliyefikia daraja yake angaliweza kuendelea, na pengine asingepatikana wa kumpinga. Lakini yeye alipendelea kuonekana hakumaliza kuliko kusomesha asilokuwa na yakini nalo.

KUFA KWAKE

Napoleon alimpa vyeo na nishani, na mwaka wa 1808 akamfanya kuwa mmoja wa masharifu wa dola yake. Lagrange hakubadilika kwa hayo. Alikuwa akikitengeneza upya kitabu chake kikubwa. Juzuu ya kwanza ya chapa ya pili ilitoka mwaka wa 1811, na juzuu ya pili ilitoka mwaka wa 1815, yeye hayupo tena. Alikufa Paris tarehe 10 Aprili 1813, umri wake miaka 77, akazikwa katika jengo la Panthéon wanamozikwa wakubwa wa Ufaransa. Jina lake ni mojawapo ya majina 72 yaliyoandikwa katika mnara wa Eiffel. Hakuacha mtoto.

LILILO JUU YETU

Wako watakaouliza elimu hii inatuhusu nini sisi watu wa pwani. Nasi twawakumbusha kwamba mwaka wa 1967 Wataliana, watu wa nchi aliyozaliwa Lagrange, walirusha chombo cha angani kutoka katika jukwaa lililosimamishwa baharini karibu na Malindi. Na tarehe 12 Disemba 1970 kilirushwa kutoka hapo chombo cha Wamarekani kilichopewa jina la Uhuru, cha kwanza kilichotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza miale ya eksirei itokayo mbinguni. Wavuvi wetu walikiona kikipanda. Njia kilizopita vyombo hivyo zilihesabiwa kwa elimu hii tunayoieleza. Jukwaa lilikuwa mbele ya macho yetu, na hesabu ilikuwa mikononi mwa wengine. Kutazama hakumpi mtu elimu.

Basi kijana aliyefika katika mlango ule wa pili wa mekanika akaona giza, asirudi nyuma. Na asiridhike kuhifadhi mlinganyo kama mtu ahifadhivyo maneno ya lugha asiyoijua. Aanze na timazi moja, aitatue kwa njia ya Newton na kwa njia ya Lagrange, alinganishe majawabu. Kisha atundike timazi ya pili. Na mzazi aliye na mtoto wa namna hii, wa kiume au wa kike, asimharakishe kuacha chuo kwa ajili ya mshahara wa mwezi huu. Na mwalimu atakayepelekewa kazi nzuri na mtu asiyemjua, afanye kama alivyofanya Euler, na kama alivyofanya Lagrange baada yake.